Mjadala: Je, mpango wa ardhi ya kijiji ukubaliwe iwapo waliouandaa hawakuiona ardhi hiyo mvua na kiangazi?

Mleta mada

Ndugu zangu, suala hili limenikaa moyoni tangu kiangazi kilichopita, nilipoambatana na vijana waliokuwa wakiandaa rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi katika kijiji kimoja cha Usukumani. Walikuwa na siku tisa, picha za setilaiti na vifaa vya GPS, na kazi yao waliifanya kwa bidii. Siku ya sita ramani ilibandikwa ukutani katika ofisi ya kijiji. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akainuka, akaweka kidole juu ya eneo lililopakwa rangi ya njano, akauliza njano ile maana yake nini. Akajibiwa kuwa ni ardhi isiyotumika. "Hiyo ni ngitili yangu," akasema. "Mwaka huu niliifungua mapema, ng'ombe wameshaimaliza."

Kwa asiyeijua, ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, ili nyasi zikue na kukauka zikiwa zimesimama, kisha hulifungua kiangazi kinapokaza, kipande baada ya kipande, wakianza na ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia. Zipo za kaya na zipo za kijiji kizima. Picha ya Septemba huonyesha uwanda uliokwanguka, na picha ya Machi huonyesha pori lisilo na nyayo za mtu. Katika zote mbili huwezi kuona kwamba mahali pale pana mwenyewe.

Wala tatizo si rangi tu. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, haina maneno hayo. Neno "isiyotumika" likishaandikwa kwenye ramani yenye muhuri, anayeitaka ardhi ile na wakili wake wameshapata pa kuanzia.

Na huu ni mkoa uliokwisha kulipia somo hili. Vichaka na miti ya Shinyanga vilifyekwa tangu miaka ya 1920 ili kumfukuza mbung'o, kilimo cha pamba kikaongeza, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao, nazo kwa kukosa mlinzi zikalishwa na kulimwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Ulipofungwa mwaka 2004, makadirio yalikuwa yamevuka hekta 300,000. Wataalamu walitangulia na vitalu vya miche, lakini kilichorudisha uoto kwa upana huo ni visiki vilivyoachwa vichipue, chini ya kanuni ambazo wenyeji walikuwa nazo tayari na ambazo dagashida (mkutano wa jadi wa Wasukuma) na sungusungu (walinzi wa jadi) waliweza kuzisimamia.

Swali langu ni hili: je, mpango wa ardhi ukubaliwe kisheria iwapo waliouandaa hawakukanyaga kijiji hicho wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, wala hawakukitembea pamoja na wanaokitumia? Mimi nasema usikubaliwe.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, mimi ni mpima ardhi na kisa chako nimekielewa vizuri, kwa kuwa kosa kama hilo nimewahi kulifanya mwenyewe. Hata hivyo, sikubaliani nawe. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000, na kijiji kisicho na mpango wala cheti cha ardhi yake kiko hatarini zaidi ya kijiji chenye mpango wenye dosari. Ukiweka sharti la misimu miwili, utakuwa umewaongezea miaka ya kusubiri watu walewale unaotaka kuwalinda.

Pili, tusiifanye kumbukumbu ya mzee kuwa hati. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu mwaka 1972, na picha za anga za wakoloni zipo kabla yake. Mara nyingi zinaonyesha mambo ambayo kijiji kizima kimeshayasahau, au kingependa kuyasahau. Chukua Kondoa. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mifugo ipatayo 90,000 iliondolewa katika vilima vya Irangi kwa hoja kwamba ndiyo iliyochimba yale makorongo. Baadaye wanasayansi walipopima umri wa mchanga uliojikusanya chini ya vilima, walikuta kwamba mmomonyoko mkubwa ulitokea huko maelfu ya miaka iliyopita. Jambo hilo mzee hawezi kulikumbuka na ofisa hawezi kuliona kwa macho. Limesemwa na maabara.

Mchangiaji wa pili

Nachangia kutoka Kenya, kaunti ya Baringo, na nitakuwa mfupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tuliletewa mti tunaouita mathenge ili uzuie jangwa. Umeenea kandokando ya ziwa, umeziba njia za maji na za mifugo, na ukipima ukijani peke yake kutoka angani utasema ardhi imepona. Wafugaji wa Ilchamus walisema mapema kwamba maganda yake matamu yanaozesha meno ya mbuzi, na hawakusikilizwa hadi kesi ilipofika mahakamani Nairobi mwaka 2006, wakampeleka na mbuzi asiye na meno awe kielelezo. Ndugu mpima, maabara yako ni nzuri, lakini nani alikifungua kinywa cha mbuzi kwanza?

Mchangiaji wa tatu

Wote watatu mnazungumza kana kwamba kijiji kina kinywa kimoja. Nimeolewa Meatu, hukohuko Usukumani, na ninachokijua kuhusu ngitili ni kwamba mzee huielezea kwa nyasi, na mama mkwe wangu huielezea kwa kuni, mboga za porini na dawa za watoto. Ngitili ya kaya ni neema kwa mwenye ng'ombe wengi. Kwa mjane asiye na hata ndama mmoja, ni uzio uliosogea hadi mahali alipozoea kuokota kuni. Hao vijana wakitembea na mzee peke yake, mvua na kiangazi, watapata ramani sahihi ya mali ya mzee.

Mleta mada

Dada yangu, hilo nalikubali lote, na nakiri kwamba siku ile hata mimi niliandika maneno ya mzee bila kuuliza kuni zinatoka wapi.

Ndugu mpima, kuhusu Kondoa umenipa silaha badala ya kuninyang'anya. Mifugo iliondolewa kwanza, umri wa mchanga ukapimwa baadaye. Sikatai maabara wala picha za zamani. Ninachokataa ni kuamua kabla ya kuuliza, na maabara nayo ni njia mojawapo ya kuuliza.

Kuhusu muda, siombi mwaka mzima wa kukaa kijijini. Naomba siku zilezile tisa zigawanywe: tano mwezi Machi, nne Septemba. Gharama inayoongezeka ni ya safari moja. Na matembezi yaanzie juu ya mlima yateremke, kwa sababu Msukuma huisoma ardhi kwa kuteremka: chini ya majabali ni luseni, mchanga wa mihogo na karanga, unafuata itogolo, ambao kiangazi huwa mgumu kama sakafu na mvua zikinyesha hushika maji ya majaruba ya mpunga, yaani vitalu vyenye kingo, kisha mbuga, udongo mweusi unaopasuka. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi Amani, aliupa mpangilio wa namna hiyo jina la katena, na wanafunzi wa udongo wanalitumia duniani kote hadi leo. Yeye pia aliupata kwa kusafiri na kuchimba.

Kwenye ramani yetu itogolo yote ilikuwa imepakwa njano. Tulipoipita mwezi ule wa kiangazi, mama mmoja aliinama, akagonga ardhi kwa kisigino cha jembe, ikalia ko, akasema hapa nina majaruba manne. Kingo zake zilikuwa zimekanyagwa na ng'ombe hadi zikabaki urefu wa kiganja. Kijana mwenye GPS ilibidi apige magoti ndipo azione.