Mjadala: Watoto wasomewe habari za watumwa wa Washington, au tusubiri wakue?

Ndugu zangu, hasa mnaolea watoto huku Marekani, naomba tulijadili hili, maana limenikaa kifuani wiki nzima.

Binti yangu ana miaka saba. Juzi alitoka maktaba na vitabu vitatu vya picha juu ya George Washington, kwa sababu darasani kwao wanajiandaa kwa sikukuu ya marais. Tukapanda kitandani kusoma. Kimojawapo kina picha ya karamu: meza ndefu, mishumaa, rais na wageni wake wamepaka nywele poda nyeupe. Nyuma ya viti amesimama mtu mweusi, sahani mkononi. Waliokaa mezani wote wametajwa majina, yeye hana. Binti akamwekea kidole. "Mama, na huyu ni nani?"

Nikamjibu, "Mhudumu." Nikafunua ukurasa haraka.

Alipolala nilibaki nimekishika kile kitabu. Mwanangu ana rangi ya yule mwenye sahani, na mimi mama yake nimemruka yule mtu kama kitabu kilivyomruka.

Kwa hiyo swali langu ni hili: vitabu vya watoto wadogo juu ya waasisi wa Marekani viseme habari za utumwa, au mambo hayo yaachwe mpaka mtoto apevuke? Msimamo wangu nautaja mapema. Viseme, na viseme ndani ya kitabu kile kile cha shujaa, si kwenye kingine kinachofunguliwa mwezi wa historia ya watu weusi tu.

Zile hekaya ndogo ndogo hazinisumbui sana. Mnaijua ile ya Washington mtoto kukata mti wa mcheri wa baba yake, kisha akakiri kwa kuwa hawezi kusema uongo. Aliyeieneza ni Mason Locke Weems, mhubiri na muuza vitabu. Haikuwemo kitabu chake kilipotoka mwaka 1800. Aliiongeza kwenye toleo la 1806, Washington akiwa ameshafariki tangu Desemba 1799. Ya mshonaji Betsy Ross kushona bendera ya kwanza ya Marekani ilitangazwa na mjukuu wake mwaka 1870, karibu miaka mia baada ya tukio lenyewe. Mwalimu akiwaambia watoto "hii ni hadithi inayosimuliwa", yamekwisha.

Kinachoniuma ni mtu wa kweli kufutwa, kama Hercules.

Huyu alikuwa mpishi wa Washington, na kwa sheria ya wakati ule alikuwa mali yake. Mji mkuu ulipokuwa Philadelphia, aliletwa kutoka Mount Vernon, shamba la Washington kule Virginia, kupika kwenye nyumba ya rais, na sifa za mapishi yake zikaenea. Aliruhusiwa kuuza mabaki ya jikoni. Pesa aliyopata alinunulia nguo nzuri, akawa anatembea mitaani jioni na bakora yenye kichwa cha dhahabu. Sasa sikilizeni. Sheria ya Pennsylvania ilimpa mtumwa wa mgeni haki ya kudai uhuru akishakaa jimboni miezi sita. Washington akawa anawarudisha watu wake Virginia kabla miezi hiyo haijatimia, ili hesabu ianze upya, na alimwagiza katibu wake jambo hilo lifanywe kwa siri, wenyewe wasijue wala umma usijue.

Mwisho wa 1796 Hercules aliachwa Mount Vernon. Fundi yule wa jikoni akatiwa kwenye kazi ya kuvunja mawe na kuchimba udongo wa matofali. Tarehe 22 Februari 1797, siku Washington alipotimiza miaka 65, Hercules akatoroka. Hakurudi tena.

Januari 2016 kilitoka kitabu cha picha kuhusu mpishi huyo huyo, kikisimuliwa na binti yake: baba na mtoto wanatabasamu, wanahangaika kutafuta sukari ya keki ya siku ya kuzaliwa ya rais. Watu wakalalamika kwa wingi, na kabla mwezi haujaisha mchapishaji akakiondoa sokoni. Hapo pia sikubaliani moja kwa moja. Waliolalamika walikuwa na haki kabisa, ila kitabu kikiondolewa bila kingine kuandikwa mahali pake, Hercules anarudi kuwa mtu asiye na jina nyuma ya viti.

*

Nyongeza: nimesoma michango yenu, asanteni. Nijibu mitatu.

Ndugu mmoja wa Lubumbashi anasema hiyo ni historia ya wenyewe, sisi tulikuja kutafuta maisha, tuwaachie. Kaka, ningekubali kama watoto wangekuwa wageni kama sisi. Hawa wamezaliwa hapa. Kila asubuhi wanasimama mkono kifuani wakila kiapo mbele ya bendera. Ni historia yao kwa asilimia mia, ya mezani na ya jikoni. Isitoshe, mimi nimekulia Tanga, na pwani yetu ina yake. Pale Mkunazini, Unguja, kanisa kuu la Kianglikana limejengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Tulipelekwa tukiwa shule ya msingi, tukashuka kwenye vile vyumba vya chini, tukaonyeshwa minyororo. Hakuna aliyesema sisi ni wadogo mno.

Mwingine anauliza: mashujaa wakichafuliwa, mtoto ataipendaje nchi? Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu nami nataka mwanangu aipende nchi aliyozaliwa. Ila kwetu Tanzania Baba wa Taifa mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Nani kati yetu alimpenda Mwalimu pungufu kwa hilo? Tena Washington akisemwa kikamilifu, na mema yake yanasemwa. Angeweza kung'ang'ania madaraka, akaondoka baada ya vipindi viwili. Wosia wake uliagiza watumwa aliowamiliki yeye, watu 123, waachwe huru. Watoto wa Hercules hawakuwemo, kwa sababu kisheria walikuwa wa urithi wa mume wa kwanza wa Martha, mkewe. Hayo yote mtoto anaweza kuelezwa, na akauliza maswali magumu kuliko yetu.

La tatu ndilo wengi mmelirudia: asubiri afike miaka kumi na miwili, sasa hataelewa. Aprili 1797, wiki chache baada ya Hercules kutoroka, Mfaransa Louis-Philippe, ambaye baadaye alikuwa mfalme wa Ufaransa, alipita Mount Vernon na kuandika aliyoyaona. Mtumishi wake alimwuliza binti wa Hercules kama hana huzuni kwamba huenda asimwone baba yake tena. Mtoto akajibu kwamba amefurahi sana, kwa sababu baba sasa yuko huru. Alikuwa na miaka sita.

Jamani, kama mtoto wa miaka sita aliweza kulibeba hilo, wa kwangu wa miaka saba, aliyeshiba na amelala kitanda chake, hawezi kulisikia?

Jumamosi nilimpeleka Philadelphia, karibu na ile Kengele ya Uhuru, mahali ilipokuwa nyumba ya rais. Misingi ya jiko inaonekana chini, imefunikwa kwa kioo. Ukutani yamechongwa majina tisa ya waliotumikishwa pale. Nilimwambia, yule uliyeniuliza juzi, mama alikujibu vibaya. Pengine alikuwa mmoja wa hawa. Akayapitia kwa kidole, moja moja, hadi kwenye Hercules. Kisha akatafuta jina la yule mtoto. Halipo, maana yeye alibaki Virginia.

Mliotangulia kulea huku, nyinyi mlianza kuwaambia wakiwa na umri gani, na mlianzia wapi?