Bandari ya Mtwara na bahari inayopanda: tuinue gati au tuanze na mitaro?

Mtetezi wa Mitaro: Wakuu, ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, inakadiria kwamba kufikia 2100 bahari itakuwa imepanda sentimita 28 hadi 55 gesi zikipunguzwa sana, au 63 hadi 101 zikiachwa ziendelee kuongezeka. Wapo wanaotaka gati la zamani la Mtwara, lile la miaka ya 1950, lirundikiwe zege liinuke sasa hivi. Napinga. Kitakachotusimamisha kwanza ni maji ya mvua uani. Nibishieni.

Fundi Zege: Nakubishia, mkuu. Hizo sentimita usizijumlishe na siku ya kawaida, zijumlishe na bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kisha kanieneo ya hewa: kila hektopaskali 1 (kipimo chake) inayopungua huinua maji kama sentimita 1. Kawaida ni kama 1,013, kwa hiyo kimbunga chenye hektopaskali 970 kwenye kiini kinakupa sentimita 40 na ushee, upepo hatujauhesabu. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, hapo ng'ambo ya mto Ruvuma. Lindi ilipigwa 1952. Na kwa gati la nguzo, mawimbi yakifika chini ya sakafu yanaisukuma juu, wakati nondo zilisukwa kwa mzigo unaotoka juu.

Mtetezi wa Mitaro: Sawa, piga hesabu ya dawa yako. Zege la nusu mita ni tani 1.2 kwa kila mita ya mraba. Magati mengi husanifiwa kwa tani 2 hadi 5, kwa hiyo umeshakula sehemu nzuri ya uwezo kabla kontena halijatua. Bolardi (vigingi vya kufungia kamba za meli), fenda (mito ya kukinga meli isigonge gati) na ngazi zote zinabaki chini, inabidi kuzihamisha. Tena uani nyuma unageuka bonde, maji yanaelekea maghalani.

Sasa mitaro. Mvua ya milimita 100 kwenye hekta 1 ni mita za ujazo 1,000, na zote zinategemea mabomba yanayotokea baharini. Bamvua ikijaa, mdomo wa bomba umezama. Mvua ikigongana na saa hiyo, maji hayana pa kwenda, na bahari yenyewe huweza kupanda kupitia chemba. Dawa ni kifuniko cha bawaba mdomoni: maji ya ndani yanakisukuma kinafunguka, bahari inakifunga. Ila kikaguliwe kabla ya kila bamvua, maana chaza wakiota kwenye ukingo, au mfuko mmoja wa plastiki ukinasa, hakifungi tena. Na kikifunga, mvua inabaki ndani saa tatu nne, kwa hiyo lazima liwepo bwawa la kuihifadhi, pamoja na pampu ambayo swichi na jenereta yake vimeinuliwa. (Pampu nyingi hufa kwa sababu swichi ndiyo inayozama kwanza.)

Karani wa Ghala: Naongezea ya korosho. Ghafi isizidi unyevu wa asilimia 10. Ikizidi inaota ukungu, kokwa linabadilika rangi na bei inaanguka. Na msimu wa minada unakutana na mvua za kuanzia Novemba. Chaga ya sentimita 15 haikusaidii kitu maji yakifika 20. Kontena nazo mnazisahau: mpira wa mlango ukichoka maji yanaingia, sakafu ya mbao inayanywa. Zenye korosho zisipangwe safu ya chini kandokando ya mtaro.

Binti Mikindani: Na mikoko?

Fundi Zege: Dada, mikoko inavunja nguvu ya mawimbi na kushika udongo, ipandwe. Lakini ndani ya ghuba ya Mtwara mawimbi ya bahari kuu yameshapungua nguvu mlangoni. Kimo cha maji yaliyotulia mikoko haikipunguzi.

Tingo wa Kusini: Mnasahau barabara. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilikatika upande wa Somanga. Bandari isiyofurika lakini haina lori ni ya nini?

Fundi Zege: Hiyo inanisaidia mimi, kaka. Barabara ikikatika, mafuta na chakula vitakuja kwa meli, kwa hiyo gati ndilo lisilotakiwa kulala. Mitaro nimeikubali ianze. Ila anayesema gati lina kimo cha kutosha aseme kapima kutoka sifuri ipi. Sifuri ya chati za meli iko karibu na maji yakipwa kabisa, ya ramani za ardhi iko karibu na wastani wa bahari. Kwetu zinapishana zaidi ya mita moja na nusu, na mchoro mmoja ukichanganya hizo mbili, hesabu zote za hapo juu ni bure.

Mtetezi wa Mitaro: Hapo sina ubishi. Mwenye michoro atuwekee kimo na sifuri yake, tuendelee.