Mjadala: MB za mchezo zionyeshwe kabla ya kulipa

Waungwana, naleta hoja tuijadili. Mchezo wowote wa simu unaomuuzia Mkenya kitu ndani yake ulazimishwe kisheria kuonyesha mambo mawili juu ya kitufe cha kulipa: kitu hicho kitakula MB ngapi, na ile bei ya zamani iliyopigwa mstari ilitozwa lini kwa mara ya mwisho.

Mimi ni fundi simu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, lakini lililonisukuma kuandika limetokea nyumbani. Mwezi uliopita mpwa wangu, yuko gredi ya saba, alinijia mbio na simu mkononi. Kwenye skrini mlikuwa na uwanja mpya wa mchezo anaoupenda. Shilingi 2,600 imekatwa kwa mstari mwekundu, chini yake 650, na pembeni saa inahesabu kurudi nyuma. "Mjomba, zimebaki dakika kumi na nne!" Alikuwa amefanya vizuri mtihani wake, nikalipa. Hapo hapo ukatokea ujumbe ambao haukuwapo kabla: pakua GB 1.8 ili uendelee. Simu ilikuwa na bando la siku la GB moja, tena lilikwisha kutumika kidogo. Upakuaji ulifika asilimia 41 ukasimama. Nikanunua bando jingine. Ulipofika 70, simu ikasema nafasi imejaa, na mimi na yule mtoto tukakaa barazani tukichagua picha za kufuta. Za harusi ya mamake ndizo zilizokuwa nzito zaidi. Alinitazama, hakusema kitu.

Wakati huo saa ya ofa ilikwisha kufika sifuri. Asubuhi nilipofungua, 2,600 imekatwa, 650 iko chini yake, na saa imeanza upya kutoka ishirini na nne.

Kwa wasiojua mambo haya yanavyokwenda: ukubwa unaouona kwenye Google Play, duka la programu za simu, unapopakua mchezo ni wa kuanzia tu. Google yenyewe inawapa watengenezaji njia ya kuacha sehemu ya mafaili kwenye seva, yaani kompyuta za mbali mtandaoni, na kuyaleta baadaye, mchezaji akishafika mahali fulani au akishanunua kitu fulani. Njia hiyo sioni ubaya wake. Inamwepusha mtu kupakua viwanja asivyovihitaji. Ubaya ni kunyamaza. Mteja ananiletea simu ya GB 32, ananiambia imeharibika, haipokei hata ujumbe wa sauti. Naingia kwenye mipangilio, nakuta mchezo wenyewe ni MB 150 na data yake GB 4. Hakuna kilichoharibika hapo.

Sasa wapo watakaosema, hukulazimishwa. Kweli, sikulazimishwa. Lakini na bucha pia hanilazimishi kununua nyama yake, na mizani yake inakaguliwa na kupigwa muhuri wa serikali. Hatukusema mteja abebe mizani yake kutoka nyumbani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. MB ni sehemu ya bei kwetu sisi. Mtu anayenunua data kwa siku hulipa mara mbili: mara ya kwanza kwa mwenye mchezo, mara ya pili kwa kampuni ya simu. Tena kwenye data hiyo mna ushuru wa serikali, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliushusha kutoka asilimia 20 hadi 15.

Kuhusu punguzo, nitaambiwa hata sokoni Kongowea muuza mitumba hukutajia mia tano ili mmalizane kwa mia mbili. Naam, lakini pale shati unalo mkononi, unalinusa, unaangalia kwapa kama limechanika, na una ulimi wa kubishana naye. Ukiondoka atakuita. Mwenye saa ile ya kwenye skrini huwezi kubishana naye, na anayeitazama mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi na mbili.

Wala sitaki jambo geni. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza tarehe 28 Mei 2022 kutumia kanuni kwamba muuzaji akitangaza punguzo la bidhaa, bei ya zamani anayoionyesha iwe ile ya chini kabisa aliyotoza katika siku 30 zilizotangulia. Kanuni hiyo imewekwa kwa bidhaa za kushikika. Mimi nasema ivuke iingie na kwenye michezo. Kule Marekani, Desemba 2022, Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, walikubali kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya tume ya biashara ya nchi hiyo kuwashtaki kwamba mpangilio wa vitufe vyao uliwafanya watu walipe bila kukusudia. Kwa hiyo anayesema michezo haidhibitiki, hilo si kweli.

*

Nimerudi, nimesoma majibu yenu.

Kijana wa Kisauni anayejifunza kutengeneza michezo ameandika kwamba ukubwa hutofautiana simu kwa simu, na kwamba mzigo huu utawaangukia watengenezaji wadogo wa hapa nyumbani. La pili linanigusa, na niko tayari wapewe muda wa kujipanga. La kwanza silikubali. Ile GB 1.8 ilitajwa mara tu baada ya kulipa. Simu haikubadilika katikati. Kama programu ilijua baada ya pesa kutoka, ingeweza kujua kabla, na kuisogeza namba hiyo skrini moja nyuma si kazi ya kumfilisi mtu.

Dada wa Tudor anasema tutumie waifai. Dada yangu, wewe unayo. Nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika papa hapa Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na bado wateja wangu wengi wanaingia mtandaoni kwa bando la siku. Sheria itungwe kwa kuwaangalia hao.

Na aliyeniambia niombe tu kurudishiwa pesa: Google Play hupokea maombi hayo ndani ya saa 48, na nakushukuru kwa kuwakumbusha watu. Lakini hata ukirudishiwa zile 650, bando mbili zilizoteketea hakuna anayekurudishia.

Sheria yetu ya Ushindani tayari inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bei, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja. Basi mwenye picha ya saa ya ofa iliyofika sifuri ikaanza tena, aiweke hapa pamoja na tarehe. Zangu mbili nimeshaziweka. Zikifika za kutosha nitaandika barua mwenyewe na kuituma. Na nyinyi mnaopinga, nijibuni hili moja: kuna sababu gani ya halali ya kuficha MB hadi mtu alipe?