MREJESHO: Mdogo wangu na kile kidonda cha sikioni

Wakuu, nimerudi. Niliwaeleza habari ya mdogo wangu mwenye ualbino, muuza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, aliyekuwa na kidonda sikioni miezi mitano hakiponi. Mlinisihi tuache dawa za kupaka za mtaani, twende hospitali ya Bugando. Tukaenda. Wakakata kinyama, wakapima: saratani ya ngozi, ila haijasambaa. Kipande cha sikio kimeondolewa, kidonda kimefunga, na sasa anaulalia ubavu ule bila maumivu.

Kofia pana na mikono mirefu vimesaidia, ingawa kofia peke yake haitoshi. Jua la ziwani linaakisiwa na maji, linampiga usoni kutokea chini. Anapaka Kilisun, yale mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa Moshi, na meza tumeihamishia kivulini. Wateja wamepungua kidogo.

Kilichonishinda ni moyo wake. Kazini anakwenda, kanisani hataki, anasema watu wanalitazama sikio. Yule aliyesema nimtafutie mtu aliyepitia hayo, Mungu akubariki: nimempata mama mmoja wa Igoma, wameongea mara mbili. Juzi nimemsikia akicheka naye kwenye simu. Asanteni sana.