Jambia mbili, ipi ya Oman ipi ya Yemen? Nichukue ipi?

Mkunazini77: Wakuu salaam. Kuna mzee hapa Unguja anauza jambia mbili za zamani, anasema moja ya Oman moja ya Yemen ila hakumbuki ipi ni ipi. Nachukua moja tu, Jumamosi anataka jibu.

fundi_fedha: Picha iko wapi? Ala imepinda vipi, ina pete ngapi, mpini wa nini? Bila hayo tutabahatisha tu.

Mkunazini77: Kamera ya simu imekufa. Ya kwanza ala imekata kona kabisa, pete nne, imeshonwa uzi wa fedha. Ya pili ncha ya ala imerudi juu kama ndoana, imezungushiwa kamba za kijani.

BintiShangani: Ya kwanza Oman, ya pili Yemen, hiyo ala ya ndoana wenyewe wanaiita asib. Pete zingekuwa saba ningesema Saidiya, ile ya ukoo wa kifalme wa Oman. Chukua ya Oman, ndo yetu hiyo, bwana harusi anaivaa na joho.

kijana_wa_Shihr: Yetu ya nani dada? Hata hilo neno jambia ni la Yemen, linatokana na janb, ubavu. Waomani wanasema khanjar. Na sisi Wahadhrami, watu wa Hadhramaut huko Yemen, tuko pwani hii toka zamani.

BintiShangani: Sijamfukuza mtu kaka, nasema ya harusini.

MzeeKombo: Mie niliuziwa moja dukani, muuzaji anaapa mpini ni pembe ya kifaru na fedha imetoka riale za 1780, zile sarafu za zamani, nikatoa akiba yangu yote, kufika nyumbani nagusa mpini na sindano ya moto unanuka plastiki, na pete baada ya miezi miwili zikatoa wekundu wa shaba. Niliporudi duka limefungwa. Hadi leo naumia.

fundi_fedha: Pole sana mzee. Hizo ni riale za Maria Theresa, malkia wa Austria, na zilizotengenezwa baada ya kifo chake zote zimeandikwa 1780, hata za karne ya 20, mwaka huo si ushahidi wa umri. Na kama ni kifaru kweli usithubutu kusafiri nayo, biashara ya pembe kati ya nchi imepigwa marufuku na CITES, ule mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini, toka 1977. Mkunazini, ichomoe alani uangalie na chuma chenyewe, ala zinabadilishwa sana.

Mkunazini77: Ya kwanza haichomoki, imeshika kutu.

kijana_wa_Shihr: Usiilazimishe! Tia mafuta kidogo uiache. Ya pili mpini una vitu viwili kama sarafu?

Mkunazini77: Ndio, viwili.

kijana_wa_Shihr: Yemen hiyo, chukua.

BintiShangani: Na bei je? Mbona hujataja?