Kama makohozi ni masafi, mdudu wa TB anakuwa wapi?

Dada wa Kirumba: Wadau habari za jioni. Mdogo wangu anavua dagaa huko Kayenze, alikutwa na TB akaanzishiwa dawa, sa hivi ana miezi miwili na nusu, kikohozi kimekata, mashavu yamerudi. Jana nimekuta vidonge kavificha chini ya godoro, ananambia dada mi nimepona, makohozi nimerudia kupima hayana kitu, na giza la mwezi likianza narudi majini. Nimekosa cha kumjibu. Hivi kama mdudu haonekani yuko wapi tena?

Mtu wa Maabara: Dada, yumo ndani ya chembe za mdogo wako. Chembe nyeupe, yaani askari wa mwili, ikimeza bakteria inamtia kwenye kifuko, kifuko kinaungana na kingine chenye asidi, anayeyushwa, kaisha. Huyu wa TB akimezwa anazuia hivyo vifuko visiungane, ana na ganda la nta, basi anakaa humohumo tumboni mwa askari aliyetumwa kumuua na anakula mafuta yake. Mwili unamzungushia chembe zingine kama ukuta, hewa inapungua, na yeye anatulia, haongezeki, anaweza kulala miaka na miaka. Sasa dawa ya isoniazidi inamzuia mdudu kujenga ganda, je ambaye hajengi itamfanya nini? Ndo maana miezi miwili ya mwanzo anapewa dawa nne kuwamaliza wanaozaliana, halafu minne mingine anabaki na rifampisini na isoniazidi kwa ajili ya hawa waliolala, yaani akiamka akute dawa ipo. Makohozi yanaonyesha waliotoka nje tu.

Mkerewe: Mi niliacha mwezi wa tatu, kambini kisiwani niliona aibu kumeza mbele ya wenzangu, mkojo wenyewe mwekundu kwa sababu ya dawa, watu wanauliza. Mwaka uliofuata jasho la usiku likarudi, shuka unakamua, nikaanza upya dozi yote. Namuomba sana asiache.

Dada wa Kirumba: Jamani asanteni. Analalamika pia dawa zinamla ini, hilo vipi?

Mtu wa Maabara: Hilo usilipuuze, kweli zinaweza kulisumbua ini. Muangalie macho kama yana njano, muulize kama anatapika au mkojo umekuwa wa kahawia kama chai ya rangi. Ukiona hivyo mpeleke kliniki ya TB siku hiyohiyo wampime, wao ndo waamue zisimame au la, asijikatie mwenyewe. Na akienda ziwani abebe vidonge vya siku zote atakazokaa kambini.

Dada wa Kirumba: Kesho alfajiri napanda gari la Kayenze.