Mrejesho: binti yangu wa miaka 6 kwenda shule kwa miguu bila mzazi, Nagoya

Wakuu habari za siku, mwezi wa nne niliwauliza kama ni sawa kumwacha mtoto wa darasa la kwanza aende shule mwenyewe huku Japani maana mimi roho ilikuwa inadunda, wengi mlinambia niache woga. Aisee mlikuwa sahihi ila sio kwa urahisi mlivyosema.

Kumbe haendi peke yake, watoto wa mtaani kwetu wanakusanyika asubuhi wanaenda kwa msururu, wakubwa wa darasa la sita mbele na nyuma, wadogo katikati na vikofia vyao vya njano, kwenye zebra kuna wazee wamejitolea wanashika bendera. Kengele ya hatari inaning'inia kwenye mkanda wa randoseru (lile begi gumu la mgongoni, bei yake acha tu), ukivuta kamba inapiga kelele balaa, nayajua haya maana mdogo wake aliivuta ndani ya treni siku moja, niliinamisha kichwa kuomba radhi mpaka shingo ikauma.

Wiki ya kwanza nilikuwa nawafuata kwa mbali kama mpelelezi, binti akaniona akanuna, mama unaniaibisha. Nikaacha.

Kurudi ndo bado kidogo, wenzake wanakata kona yeye anamalizia kama dakika tano mwenyewe, hapo nasimama dirishani nimeshika simu. Bibi yake Tanga nilivyomsimulia akacheka, eti wewe ulikuwa unatumwa mafuta ya taa usiku.